Lafudhi Baada ya Ukimya: Anna May Wong na Ujio wa Sauti katika Filamu

Makala haya yanamtazama Anna May Wong (1905–1961), mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Kichina, kwa jicho la isimujamii. Anajulikana zaidi kwa vikwazo vya rangi alivyowekewa. Hapa tunauliza lugha ilikuwa na nafasi gani katika vikwazo hivyo.

Wong alizaliwa Los Angeles, binti wa dobi. Katika The Toll of the Sea (1922), akiwa kijana wa miaka 17, aliigiza mwanamke wa Kichina anayetelekezwa na mume Mmarekani. Filamu ilikuwa bubu. Maneno ya mhusika yalisomwa kwenye kadi za maandishi, na kadi haina lafudhi. Filamu ilipovuka mpaka, kadi zilitafsiriwa, sura ya mwigizaji ikabaki ileile. Kila mtazamaji alimsikia Wong kwa sauti aliyojibunia mwenyewe, na bila shaka wengi walibuni sauti ya kigeni.

Mwaka 1928 alihamia Ulaya. Mwaka uliofuata, katika tamthilia The Circle of Chalk jijini London, sauti yake halisi ilisikika jukwaani, nayo ilikuwa ya msichana wa California. Wahakiki waliibeza. Tuzingatie kwamba hawakulalamikia Uchina wake. Walilalamikia Umarekani wake. Sura iliahidi jambo moja, ulimi ukasema jingine. Wong aliajiri mwalimu, akajifunza matamshi ya Kiingereza cha Waingereza waliosoma.

Filamu yake ya kwanza yenye sauti, mwaka 1930, ilitengenezwa mara tatu: kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, naye akaigiza katika zote. Ni waigizaji wachache wa filamu bubu waliovuka daraja hilo kwa lugha tatu.

Hata hivyo, Hollywood ilipotengeneza The Good Earth (1937), kuhusu wakulima wa China, nafasi ya mke, O-Lan, hakupewa. Mume angeigizwa na Paul Muni, mzungu, na kanuni za studio zilikataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Nafasi ilikwenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, aliyezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Kijerumani. Lafudhi hiyo haikumzuia kutunukiwa Oscar.