Je, Wajua? Bakteria wa Uti wa Mgongo Kooni mwa Mtu Mzima wa Afya

Je, wajua kwamba kijana anayecheza mpira Muyeye, Kilifi, jioni hii, hana homa wala kikohozi, huenda amebeba kooni bakteria wa homa ya uti wa mgongo? Mwenyewe hana habari, na yaelekea hataugua kamwe.

Je, wajua kuwa bakteria huyo, meningokoka, haishi kwa mnyama yeyote? Makao yake ni pua na koo la binadamu tu. Hukaa wiki kadhaa au miezi, kisha huondoka, mara nyingi akiuachia mwili kinga.

Je, wajua vijana ndio wabebaji wakubwa? Uchambuzi wa mwaka 2010 wa takwimu za Ulaya ulikuta chini ya watoto wachanga 5 kwa kila 100 wamembeba. Kwa wenye miaka 19, walikuwa karibu 24. Sigara, busu na msongamano humrahisishia njia.

Je, wajua nafasi kati ya vitanda ni kinga? Katika Vita Kuu vya Kwanza, daktari wa jeshi la Uingereza, J. A. Glover, alipima makoo ya askari. Vitanda viliposongamana, wabebaji waliongezeka. Vilipoachanishwa futi 2 na nusu, wakapungua. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya wa mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya vitanda vya bweni. Mzazi, siku ya kumpeleka mwanao bwenini, tazama nafasi hiyo kwa macho yako.

Je, wajua Kilifi imeufunza ulimwengu? Nimokoka, bakteria mwingine anayeleta nimonia na pia homa ya uti wa mgongo, hupenda makoo ya watoto wadogo. Chanjo yake ilianza Kenya Januari 2011, na Kilifi wakachanjwa hata watoto wakubwa kidogo, wote wa chini ya miaka 5. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipopima, watoto wenye aina zinazozuiwa na chanjo walikuwa wameshuka kutoka 34 hadi 13 kwa kila 100. Zaidi ya hayo, hata kwa wenye miaka 5 na zaidi, ambao hawakuchanjwa, ubebaji wa aina hizo ulipungua kwa nusu. Sindano ya mjukuu ilimkinga bibi!

Je, wajua kila anayekwenda Hija hutakiwa awe amechanjwa dhidi ya meningokoka?

Homa kali, shingo kukakamaa, macho kuumia kwa mwanga: mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kuche. Na mliolala naye chumba kimoja, muulizeni daktari dawa ya kumwondoa bakteria kooni mwenu.