Nani Atabisha Hodi Mwaka Ujao?

Kazi ya kujitolea tunaijua tangu utotoni. Msiba ukitokea hakuna anayengoja barua ya kuitwa. Wanawake hubeba sufuria, vijana hupasua kuni, mzee mmoja hushika daftari la rambirambi. Baada ya siku chache shughuli inakwisha na kila mtu anarudi kwake. Lakini ipo kazi nyingine isiyo na siku ya mwisho, kama kupita nyumba kwa nyumba kugawa dawa, kupima uzito wa watoto au kuwatazama wagonjwa. Huko ndiko vikundi vyetu vingi vinakofia. Safari hii twende Kojani, tuone kazi ya namna hiyo inadai nini kwa mtu anayeifanya.

Kojani ni kisiwa kidogo kando ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Nyumba zake zimesongamana na watu wake wanaishi kwa bahari. Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani nzima, Tanzania Bara hadi Kenya, kwa sababu ya dago: huondoka na vyombo na nyavu zao, wakapiga kambi katika fukwe za mbali kwa majuma au miezi, kisha wakarudi. Wanawake hubaki na watoto, na maji yakitoka sana wakati wa bamvua nao huingia pwani kutafuta pweza na chaza. Sasa mfikirie jirani mmoja wa hapo aliyekabidhiwa nyumba za mtaa wake, akaambiwa ahakikishe kila anayestahili amemeza dawa.

Dawa hiyo ilikuwa ya kuzuia matende na mabusha. Ugonjwa huu unaletwa na minyoo myembamba kama uzi, na mbu ndiye anayewabeba watoto wa minyoo hiyo kutoka damu ya mtu mmoja hadi ya mwingine. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila dalili yoyote, huku mbu wanaomwuma wanaipeleka kwa jirani. Ndiyo maana haitoshi kuwatibu waliokwisha kuvimba. Inabidi wanaojiona wazima wameze pia. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka, Unguja na Pemba kwa pamoja, kwa mikono ya wasaidizi waliotoka katika shehia zenyewe. Dawa zenyewe hazikununuliwa; kampuni zilizozitengeneza zilizitoa bure.

Kugawa si kumwaga vidonge kiganjani. Kiasi cha ivermectin hujulikana kwa urefu wa mtu, kwa hiyo msaidizi hubeba fimbo yenye alama. Tena lazima aulize. Mjamzito hapewi, wala mama aliyejifungua ndani ya juma hili, wala mtoto wa chini ya miaka mitano, wala mgonjwa aliyezidiwa. Hebu tujiulize: katika kisiwa ambacho mume yuko dago na mke yuko peke yake na watoto, ni nani awezaye kusimama mlangoni na kumwuliza mwanamke kama ana mimba? Si kijana mgeni aliyevuka na mashua asubuhi. Ni jirani wa mtaa huohuo, aliyekula harusini kwake, anayejua hata mimba ambayo bado haijatangazwa. Watu husema wa kujitolea hutumiwa kwa kuwa ni rahisi. Sisi tunaona kuna milango ambayo mshahara peke yake haufungui.

Kazi hiyo ilifanyika kwa miaka sita mfululizo, mpaka 2006, kisha ugawaji wa kila mwaka ukasimamishwa. Mwaka 2012 wanafunzi wa shule za msingi walipimwa Unguja na Pemba, ikaonekana kwamba Pemba maambukizo hayajakatika. Mwaka 2013 dawa zilianza kugawiwa tena. Tafadhali tusilipite jambo hili haraka. Aliyekuwa amebisha hodi miaka sita alitakiwa kurudi kwenye milango ileile aeleze kwa nini.

Na alikuwa na maelezo mengine magumu zaidi. Dawa hii inaua watoto wa minyoo walioko katika damu, ili mbu asipate cha kubeba. Haipunguzi mguu uliokwisha kuwa tende, wala haiondoi busha. Mzee aliyemeza kila mwaka akajiona yuko vilevile ana haki ya kusema, "Dawa yenu haifai." Msaidizi asiyefundishwa jibu atanyamaza, na mwaka unaofuata ataona haya kubisha hodi. Lakini jibu lipo, na hata nyumbani kwako unaweza kulitumia. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri hasa katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kukaa, na kidonda chochote kitibiwe upesi. Mguu ukitunzwa hivyo, homa na maumivu ya ghafla hupungua sana. Msaidizi mwenye jibu hilo huaga akiwa ameacha kitu ndani ya nyumba, na yeye mwenyewe hurudi kwake akiwa na moyo.

Hapo tumegusa jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa: mtu hujitolea kwa muda mrefu pale kazi yake inapomrudishia jibu. Mfano mzuri tunao huku Bara. Mwishoni mwa 1983 mpango wa lishe ulianzishwa mkoani Iringa, katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na daftari halikupelekwa mjini likapotea. Matokeo yalisomwa palepale na kijiji kikajadili: mtoto wa nani amepungua, kwa nini, na sisi tufanye nini kwa tulicho nacho? Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wale wenye hali mbaya kabisa kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mhudumu aliyeshika mizani aliyaona hayo kwa macho yake, na majirani wakamwona yeye.

Sisi tumeona kinyume chake. Katika kigango kimoja tunachokifahamu kilianzishwa kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Walianza akina mama 14 na mzee mmoja. Kila mwezi walijaza fomu wakaipeleka ilikotakiwa, na hakuna aliyewahi kurudi kuwaambia fomu zile zimesema nini. Baadaye wanne waliitwa kwenye semina wakapewa posho. 11 hawakuitwa, wala hawakuelezwa waliochaguliwa wamechaguliwaje. Mwaka haukuisha, wakabaki watatu. Lawama ikaangukia "moyo mdogo" wa watu. Hatukubali. Kama wangekosa wote posho ile, pengine kikundi kingekuwapo hadi leo.

Tusieleweke kwamba posho ni jambo baya. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mazungumzo na wahudumu 20 wa afya ya jamii mkoani Morogoro. Walitaja hamu ya kuwasaidia wenzao na heshima wanayopata, lakini pia walitaja familia zao: mume au mke anayeelewa na kuvumilia. Waliovunjika moyo walilalamikia kukosa posho, usafiri na vifaa. Hilo la familia wengi hulisahau. Saa tatu za kutembea ni saa tatu ambazo mwani haukufungwa, pweza hakutafutwa, shamba halikupaliliwa. Ni nyumba nzima inayojitolea, si mtu mmoja tu.

Kwa hiyo ni haki kutenganisha. Anayetoa siku mbili kwa mwaka ni jirani anayesaidia. Anayefanya kazi kila juma, kwa madaftari na malengo ya kutimiza, ni mfanyakazi, na kumwita wa kujitolea ili asilipwe ni dhuluma. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri wahudumu wa namna hiyo walipwe kulingana na kazi yao. Zanzibar ilianzisha mpango wa Jamii ni Afya mwaka 2019, na ulipoenea wilaya zote 11 mwaka 2021 ulikuwa na wahudumu zaidi ya 2,000 wa kuwatembelea wajawazito na watoto wadogo, wakitumia simu zinazowaongoza katika maswali. Januari 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 Bara katika miaka mitano. Ni hatua nzuri. Ila mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, tuliona jinsi kazi inayotegemea mfuko mmoja wa mbali inavyoweza kusimama ghafla.

Je, katika jumuiya yako ni nani anayebisha hodi? Mwulizeni jambo moja: siku gani zinamfaa. Kojani msaidizi anajua bila kuangalia kalenda. Siku za bamvua wanawake wako pwani, atakuta milango imefungwa. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wanaotumia taa hawatoki, watakuwa nyumbani. Anajua pia ni nyumba ipi wanaume wake wako dago na ni lini wanatarajiwa. Tarehe ikipangwa mjini bila kumwuliza yeye, daftari lake litarudi likiwa na majina ya wanaume na mistari mitupu mbele yake.