MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE: Maslahi na Hukumu za Maadili katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii yatufaa tunapolikabili swali ambalo kila mchungaji, mwinjilisti na mzee wa kanisa hukutana nalo katika kazi yake: kwa nini watu wawili wenye akili timamu, waliolelewa katika mila zilezile, hulitazama tendo moja, mmoja akaliita haki na mwenzake akaliita dhuluma? Twaweza kujibu upesi kwamba mmoja wao hajui. Lakini mara nyingi wote wawili wanajua. Kinachowatenganisha ni kile ambacho kila mmoja angependa kiwe kweli, kwa ajili ya mali yake, jamaa zake, chama chake au dola yake.

Hatukusudii kulieleza jambo hili kwa nadharia tupu. Tutasimama mahali pamoja, yaani Mitwero, karibu na mji wa Lindi, na kuitazama pwani iendayo kaskazini hadi Kilwa. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliishia katika bandari za pwani hii, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja. Leo ni vigumu kumpata mtu wa kuutetea utumwa. Kwa hiyo unafaa kuwa kipimo chetu. Na tuwaangalie waamuzi waliopita hapa, mmoja baada ya mwingine, tuone kila mmoja alivyohukumu na alichokuwa akikilinda.

Waamuzi wa kwanza: wafanyabiashara

Mnamo mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Alikubaliwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 kila mmoja. Wengi wa watumwa wa biashara hiyo walihitajiwa katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa, hasa Isle de France, ambacho leo ni Morisi. Miaka 13 baadaye, yaani mwaka 1789, Ufaransa ilitangaza kwamba wanadamu wote huzaliwa huru na sawa. Mwaka 1794 bunge la huko likaufuta utumwa katika makoloni. Lakini wajumbe walioletwa Isle de France mwaka 1796 kuitekeleza amri hiyo walifukuzwa na wenye mashamba. Wenye mashamba hao walikuwa Wafaransa kama wale wa Paris, na neno la uhuru walikuwa wamelisikia. Tofauti ilikuwa kwamba mtu wa Paris aliweza kuutangaza uhuru wa mtumwa bila kupoteza hata kikapu kimoja cha mavuno.

Wafanyabiashara wa pwani nao walikuwa na namna yao ya kujituliza. Lugha yetu wenyewe inatoa ushahidi. Mtu wa mjini aliitwa mwungwana, na mtu wa bara aliitwa mshenzi. Mtu akiisha kuitwa mshenzi, kumfunga na kumuuza huonekana kuwa jambo dogo; pengine huonekana hata kuwa ni kumtendea hisani, kwa kuwa analetwa penye ustaarabu. Neno lilitangulia, dhamiri ikafuata. Wala wa bara hawakuwa na mikono safi. Walikuwako machifu na wakubwa wa vijiji waliowauza mateka wa vita, wadaiwa na yatima, wakaiita biashara hiyo malipo ya haki.

Waamuzi wa pili: Waingereza

Waingereza walikataza biashara ya watumwa kwa raia wao mwaka 1807, na mwaka 1833 wakapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni yao mengi. Hata hivyo mkataba wa Moresby wa mwaka 1822 ulimkataza Sultani Said kuruhusu watumwa wauzwe kwa Wakristo tu. Biashara ya ndani ya milki yake iliachwa iendelee, kwani Uingereza ilimhitaji Said kuwa rafiki katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kingezingirwa na manowari. Wafanyabiashara wa Kilwa wakageuza njia, wakawapitisha watumwa nchi kavu kuelekea kaskazini, hata likatolewa tangazo jingine mwaka 1876 kuizuia misafara hiyo.

Lakini Waingereza walipoitawala Unguja wenyewe tangu mwaka 1890, hawakuufuta utumwa siku hiyo. Walingoja hadi mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika sheria hadi mwaka 1909. Hofu ilikuwa kwamba karafuu zingekosa wachumaji na hazina ingekosa kodi. Dhambi iliyokuwa nzito sana ilipokuwa ya Sultani ikawa jambo la kuhitaji busara na subira ilipokuwa chini ya mikono yao.

Waamuzi wa tatu: Wajerumani na Kanisa lao

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Kilwa maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Wakati uo huo Kadinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika. Kansela Bismarck, ambaye hapo kwanza hakuwa na shauku ya kutumia fedha za serikali huku, aliona kwamba vita vikiitwa vita dhidi ya utumwa, hata wabunge Wakatoliki wangeviunga mkono. Mwezi Januari 1889 bunge la Ujerumani likakubali kutoa mark milioni 2. Wissmann akaja na askari, na mwezi Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikatekwa.

Je, utumwa ulikomeshwa? La. Utawala wa Kijerumani haukuufuta kamwe. Amri ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hapa sisi Walutheri hatuwezi kukaa pembeni kama watazamaji. Shirika la misioni lililomtuma Greiner kufika Dar es Salaam mwaka 1887 lilianzishwa mjini Berlin mwaka 1886 katika mazingira ya harakati za ukoloni, na Karl Peters mwenyewe alihusika. Walioomba dua kwa ajili ya watumwa na waliotamani bendera yao ipepee pwani walikuwa, kwa sehemu, watu walewale. Hatusemi kwamba dua zao zilikuwa za uongo. Twasema kwamba si rahisi mtu kujua ni nia ipi inayoomba ndani yake.

Waamuzi wa nne: sisi wenyewe

Ni rahisi kuwacheka waliotutangulia. Basi natujipime. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekaa katika nyanda za Makonde nyuma ya Lindi, alimwandikia Wissmann mwaka 1890 barua ya Kiswahili ya kukataa kunyenyekea, akapigana na Wajerumani hata alipokimbilia Msumbiji mwaka 1899. Hassan bin Omari Makunganya alipigana nao katika nchi ya Kilwa, akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Twawaheshimu kama mashujaa, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Lakini wote wawili walihusika na biashara ya misafara, na watumwa walikuwa sehemu ya biashara hiyo. Wajerumani walilikuza jambo hili ili kunyonga kwao kuonekane haki. Nasi twalinyamazia ili sifa zetu zisiingie doa. Wao na sisi twaujua ukweli uleule. Kila mmoja huchukua nusu impendezayo.

Vivyo hivyo, wako Wakristo wanaousimulia utumwa kana kwamba ni dhambi ya Waislamu peke yao, wakamsahau Morice na mashamba ya Wakristo. Wako pia wanaousimulia kana kwamba Wazungu pekee ndio waliokuwa wanunuzi. Mara nyingi historia huulizwa swali moja tu: ni nani leo tunayetaka aaibike?

Jinsi maslahi yanavyofanya kazi

Kutokana na mifano hii twaona njia tatu ambazo maslahi huzitumia kuingia katika hukumu.

Kwanza, maslahi huchagua majina. Mwungwana na mshenzi, mwasi na shujaa, subira na woga: aliyetoa jina amekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Pili, maslahi huchagua habari. Ni mara chache mtu husema uongo mtupu. Huleta mbele habari zinazomsaidia, na zile nyingine huziacha zilale.

Tatu, maslahi huchagua wakati. Hukumu juu ya jirani hutolewa leo. Hukumu juu yetu huhitaji uchunguzi, kamati na muda wa kutosha.

Maandiko yalikwisha kulifunua jambo hili. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani alimletea Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Daudi aliwaka hasira na kutoa hukumu kali, iliyo sawa kabisa, kwa sababu alidhani mkosaji ni mtu mwingine. Nathani hakumfundisha mfalme sheria mpya. Alimwondolea jina lake katika kesi ili aweze kuiona.

Luther naye hakuepuka mtego huu. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliandika madai 12, wakasema kwamba haifai waendelee kuwa mali ya mabwana, kwa kuwa Kristo amewakomboa wote kwa damu yake. Hapo mwanzo Luther aliwakemea mabwana na wakulima pia. Ghasia zilipoenea aliwahimiza watawala wawapige bila huruma. Alichukizwa na umwagaji wa damu na aliamini kwamba uasi ni dhambi. Lakini pia Matengenezo yalitegemea ulinzi wa watawala, na Injili aliyoipenda ilikuwa hatarini kuchafuliwa jina. Hata pendo la jambo jema laweza kuivuta ngozi ya ngoma upande mmoja.

Je, basi hakuna haki?

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa kila mwamuzi ana maslahi, je, haki ni jina tu la matakwa ya mwenye nguvu? Twajibu kwamba sivyo. Mkataba wa 1873 ulilazimishwa na dola yenye tamaa zake, lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa kweli. Nia iliyochanganyika haigeuzi jema kuwa baya. Inachofanya ni kuamua mahali ambapo jema hilo litaishia, nalo huishia pale gharama inapoanza kuwa yetu.

Tena, alikuwako mwamuzi mmoja ambaye mara nyingi hakuulizwa, yaani mtumwa mwenyewe. Mmoja wao alikuwa Swema, msichana wa bara aliyechukuliwa kwa sababu ya deni la mama yake, akapelekwa hadi Kilwa na kuvushwa Unguja. Mama yake aliyeufuata msafara alikufa njiani. Swema alipofika alionekana kama mfu, akazikwa akiwa hai, akaokolewa na kupokewa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1860. Simulizi yasema kwamba baadaye aliombwa kumuuguza Mwarabu aliyemfahamu kuwa ndiye aliyemtesa, akapigana na moyo wake kwanza, kisha akamsamehe. Wamisionari waliiandika habari hiyo ili kuwagusa wafadhili wa Ulaya, nao pia walikuwa na haja zao. Lakini hakuna haja ya mwandishi iwezayo kulifuta deni lile, wala kaburi lile. Hukumu juu ya utumwa yapaswa kuanza kwa Swema, maana yeye ndiye aliyeubeba.

Hitimisho

Mambo haya si ya kale tu. Mwezi Mei 2013 ghasia zilipozuka Mtwara juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, neno uzalendo lilitumiwa na waliolitaka bomba na waliolipinga. Katika mashauri ya ardhi, ya mirathi na ya uchaguzi, kijijini na hata katika baraza la usharika, ngoma huwambwa namna ileile.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mtumishi anayeitwa kuamua ajiulize mambo matatu kabla ya kufumbua kinywa. Je, ningesema hivi kama mtendaji angekuwa ndugu yangu, au kama angekuwa mpinzani wangu? Je, hukumu hii itanigharimu nini, na kama hainigharimu kitu, kwa nini nina hakika hivi? Je, nimemsikiliza yule aliyeumizwa, au nimewasikiliza tu wanaosema kwa niaba yake?

Maswali haya hayatatufanya kuwa waamuzi wasio na upande. Mungu peke yake ndiye aliye hivyo. Yatatusaidia tu kuuona mkono wetu ulipo juu ya ngozi, ili tulegeze kidogo. Na mtu anayejua kwamba anahesabiwa haki kwa neema hana haja ya kujipatia usafi kwa kumchafua mwenzake. Huyo aweza kuthubutu kuisikiliza hadithi ya Nathani mpaka mwisho.