Salfa, Mende na Mashine ya Kupumulia

Ikifika Juni, mikorosho ya Newala inapotoa machipukizi na maua, mabomba ya kupulizia salfa huanza kunguruma kabla ya alfajiri. Wakulima huchagua saa hizo kwa sababu upepo umetulia na umande ungali juu ya majani, hivyo unga unanata badala ya kupeperuka. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga hukausha maua na korosho zikaishia hapo. Sasa mfikirie mzee wa Mkunya mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambaye mpwa wake wa Dar es Salaam amemletea mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa puani. Saa ambazo mabomba yanafanya kazi shambani, yeye amelala na maski usoni, na mashine iliyo kando ya kitanda inavuta hewa ya chumba bila kupumzika.

Vijitabu vinavyokuja na mashine hizi havimfikirii mtu huyo. Huanzia kwenye maski: osha hivi, kausha vile. Vimeandikiwa watu wenye maji ya bomba saa zote, wasioweka mifuko ya pembejeo uvunguni mwa kitanda.

Tatizo lenyewe ni hili: mtu akilala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo unamshtua avute hewa. Hujirudia usiku kucha. Asubuhi anaamka amechoka, kichwa kizito, na nyumbani watu wanasema alilala fofofo kwa sababu walimsikia akikoroma. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alifunga mota ya mashine ya kufyonzea vumbi kwenye maski ili hewa yenye shinikizo iizuie njia isizibe, na mwaka uliofuata matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet. Mashine za leo ni ndogo na za kimya, lakini msingi ni uleule: ni feni. Haitengenezi hewa wala haiongezi oksijeni. Kwa usiku mmoja hupitisha lita 10,000 na zaidi, zote zimetoka chumbani.

Kwa hiyo mwenye kuosha maski kila siku na kuiacha mashine kwenye chumba kichafu ameosha nusu ya njia. Nyuma au ubavuni mwa mashine pana chujio. Lile jeupe, laini kama karatasi, ni la kutupa, likiloweshwa limeharibika. Lile la sponji la kijivu, kwa mashine zilizo nalo, huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, likakauka kabisa kabla ya kurudishwa. Msimu wa salfa lifungue kila wiki ulitazame kwenye mwanga. Likiwa na rangi ya manjano huhitaji fundi wa kukueleza hewa ya chumba ikoje. Na chujio huzuia vumbi tu. Harufu na mvuke wa dawa za maji zinazopuliziwa mikorosho hupita humo moja kwa moja. Dirisha linalotazama shamba lifungwe usiku huo, na mashine ihamishiwe upande mwingine wa chumba.

Mifuko ya salfa nayo ina mahali pake. Naelewa kwa nini inawekwa chumbani: ni mali, na ghala la nje lina wezi. Lakini mfuko uliochanika kidogo, ukikanyagwa usiku na anayetafuta ndala, unatosha kujaza chumba unga ambao mashine itauvuta mpaka asubuhi. Uhamie chumba kingine chenye kufuli.

Tuje kwa wadudu, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea adui anapopitia. Wakati mashine inafanya kazi, mende hawezi kuingia kupitia mpira wa hewa unaoiunganisha na maski. Upepo unamsukuma nje. Upande wa kuvutia hewa kuna chujio. Hatari ni mchana, mashine imezimwa, mpira umetupwa kitandani mdomo wazi na kitangi cha kuongeza unyevu kina maji ya jana. Mende anaweza kuvumilia njaa kwa wiki kadhaa, ila kiu inamshinda mapema zaidi. Ndani ya mashine anakuta maji, giza na joto lililobaki. Kwenye maski anakuta mate na mafuta ya ngozi. Sisimizi hufuata hayohayo, panya hutafuna mpira, na nyigu wa udongo hawezi kuona tundu tupu bila kulipima kwa ajili ya kiota.

Dawa yake inaanza na kumwaga maji. Asubuhi, kabla ya chai, kitangi kinamwagwa, kinasuuzwa na kuachwa wazi kikauke. Mpira unatundikwa kwenye msumari, midomo yote miwili ikitazama chini ili maji yadondoke. Ukishakauka, midomo inafungwa kwa kipande cha kanga safi na mpira wa kufungia fedha. Usiufunge ndani ya mfuko wa nailoni ukiwa mbichi; hapo utakuwa umefuga ukungu. Mashine yenyewe isikae sakafuni. Iwekwe kwenye stuli, na wale waliolelewa na kabati la mboga lenye miguu ndani ya makopo wanajua la kufanya sisimizi wakizidi: makopo manne yenye maji ya sabuni, yabadilishwe kila baada ya siku chache. Wengine hutia mafuta ya taa. Hapana. Mvuke wake utaishia kwenye mapafu ya anayelala.

Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya mende ya kopo haipulizwi chumba hicho jioni, wala koili ya mbu haiwashwi kando ya mashine. Chandarua kinatosha kwa mbu. Kwa mende, tumia dawa ya chambo inayobandikwa kwenye kona mbali na kitanda, na chakula kisilale chumbani. Ukimwona mende ameingia ndani ya mashine, usipulizie kitu tunduni. Chomoa waya, iweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, umpelekee fundi wa vifaa tiba. Mende aliyekufa ndani naye ana madhara: mabaki yake yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo linajulikana kuamsha pumu.

Maji ni habari nyingine kabisa juu ya uwanda huu wa Newala. Mkunya iko juu, maji yako chini. Yanasukumwa kwa pampu kupanda mlima kutoka bonde la Mitema, na watu bado wanategemea matangi ya maji ya mvua. Kijitabu kinasema weka maji yaliyokenekwa kwenye kitangi, yaani mvuke uliokusanywa, usio na chumvi. Hapo mtu hukumbuka duka la spea, ambako huuzwa maji ya betri. Jina hilo hubeba vitu viwili: maji safi ya kuongezea, na tindikali. Chupa zinaweza kufanana, na muuzaji akiwa na haraka anaweza kukupa yoyote. Mimi ningeliacha duka hilo kabisa. Maji ya mvua yana chumvi kidogo, lakini yamepita juu ya bati lenye vinyesi vya ndege. Yachujwe, yachemshwe, yapoe. Maji ya bomba yaliyochemshwa nayo yanafaa, ila yataacha utando mweupe. Utando huo hutoka ukiloweka kitangi kwa nusu saa katika siki iliyochanganywa na maji, kisha ukakisuuza mpaka harufu iishe.

Lakini kuna njia ambayo watu huisahau: mashine nyingi hufanya kazi hata bila maji. Kitangi huongeza unyevu tu ili pua na koo visikauke. Kinachoifungua njia ya hewa ni shinikizo. Julai, ukungu unapolala juu ya Newala na hewa ya usiku ni mbichi, wengi wanaweza kulala na kitangi kikavu wasione tofauti. Ndoo moja imeokolewa, na mende wamekosa kisima. Kama pua inauma au inatoa damu, rudi kwenye maji.

Kuosha kwenyewe hakuna siri: maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato makali, maski kila siku, mpira na kitangi kila wiki. Jiki, dettoli na spiriti vikae mbali, na kukausha kufanyike kivulini kwa sababu jua hukakamaza plastiki. Zipo mashine zinazouzwa kwa madai kwamba zinasafisha CPAP kwa gesi ya ozoni. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba hadi wakati huo ilikuwa haijaidhinisha yoyote kati yake kwa kazi hiyo.

Mwaka uliofuata, Juni 2021, kampuni ya Philips ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zake yarudishwe kwa sababu sponji ya kupunguzia sauti iliyokuwa ndani ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. Joto na unyevu, pamoja na ozoni, vilihesabiwa miongoni mwa vinavyoharakisha uharibifu huo. Jambo hili linatuhusu, kwani mashine nyingi hutufikia mitumba, zikiwa zawadi ya ndugu aliye nje. Kabla ya kumshukuru, mwombe asome namba iliyo chini ya mashine na kuilinganisha na orodha ya kampuni. Ukikuta chembe nyeusi ndani ya mpira, ongea na daktari siku hiyohiyo.

Machujio usitegemee kuyapata kwenye duka la dawa la karibu. Huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na kila aina ya mashine ina lake. Agiza ya kutosha msimu mzima wa salfa, kabla Juni haijaingia. Yakiisha katikati, usikate sponji ya kuoshea vyombo ukaichomeka: huziba hewa, na vipande vyake huvutwa ndani.