Jeni ya samaki ndani ya seli ya mnyama: jibu kwa wanaoogopa tilapia wa bwawa

Keumbu ni mbali na bahari, lakini samaki huliwa. Omena na mbuta hutoka Ziwa Victoria, na vijijini kuna wanaofuga tilapia kwenye mabwawa. Mimi ni mtu wa Pwani ninayefundisha baiolojia huku, na tangu serikali ilipotangaza Oktoba 2022 kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO iliyokuwapo tangu 2012, kuna swali ambalo wazazi hawachoki kuniuliza: "Mwalimu, mtoto akila samaki wa bwawa, jeni za samaki hazitaingia mwilini mwake?"

Si swali la kuchekwa. Wapo waliokwisha kuacha kuwapikia watoto samaki, na mfugaji anayekosa wateja ni jirani yetu. Ndugu zangu wa Pwani nao wameanza kuuliza hayo hayo, kwa hiyo naandika hapa.

Kwanza, jeni hufanyaje kazi? Jeni ni maandishi ndani ya DNA. Seli huyanakili kwenye RNA, halafu RNA hiyo husomwa ili kutengeneza protini. Lakini nakala ya kwanza haisomwi ilivyo. Ndani yake mna vipande visivyotakiwa, vinavyoitwa introni. Seli huvikata na kuunganisha vilivyobaki, na pia huweka kofia mwanzoni na mkia mwishoni.

Fikiria fundi cherehani aliyeletewa kitambaa chenye alama za chaki. Hukata penye alama, hutupa vibaki, hushona. Akikosea alama moja, shati halivaliki. Seli nayo ikikosea kukata RNA, protini huharibika au haipatikani kabisa.

Sasa, mpe fundi wa mamalia kitambaa kilichotiwa chaki na fundi wa samaki. Itakuwaje? Wanasayansi wamelijaribu hilo kwa miaka mingi, wakitumia seli zinazokuzwa kwenye vyombo vya maabara, kama zile za COS zilizotokana na figo za tumbili wa Afrika. Alama kuu ni zile zile: kwa samaki na kwa binadamu, karibu kila introni huanza na herufi GU na kuishia na AG. Tofauti iko kwenye alama ndogo za kumsaidia fundi, na kwenye urefu. Bunju tunamjua Pwani kwa sumu yake. Ndugu yake wa Japani, fugu, alipendekezwa na Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 1993 kuwa samaki wa kusomwa jeni zake zote, kwa sababu DNA yake ni kama herufi milioni 400 tu, ilhali yetu ni kama bilioni 3. Introni zake nyingi ni fupi mno, na zetu mara nyingi hufika maelfu ya herufi.

Matokeo yamekuwa mchanganyiko. Mwaka 1997 Brenner na wenzake waliripoti kwamba jeni ya fugu inayoitwa isotosini, ikipandikizwa kwa panya, hufanya kazi kwenye seli zile zile za ubongo zinazotengeneza homoni ya panya inayofanana nayo. Lakini jeni nyingine za samaki, zikiwekwa na introni zake, seli za mamalia huzikata vibaya. Kwa hiyo watafiti mara nyingi huikwepa kazi hiyo: huchukua RNA ambayo samaki mwenyewe amekwisha kuikata, huigeuza kuwa DNA, na kuipandikiza hiyo. Ni kama kumletea fundi shati lililokwisha kushonwa.

Faida ipo. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, walieleza protini ya misuli ya mkunga wa Japani inayong'aa kijani. Waliiweka jeni yake kwenye seli za mamalia, ikang'aa. Kwenye bakteria haikung'aa. Sababu ni kwamba protini hiyo hung'aa ikishikana na bilirubini, taka ya damu iliyochakaa, ile ile inayowafanya watoto wachanga wawe na macho ya manjano. Bakteria hawana bilirubini. Hivyo protini ya samaki ikawa njia mpya ya kuipima bilirubini kwenye damu ya binadamu.

Tazama basi kazi inayohitajika. Jeni lazima itolewe, itayarishwe, iwekewe kitufe cha kuiwasha ambacho seli ya mamalia inakielewa, kisha iingizwe kwenye seli kwa ufundi. Na bado huenda ikakatwa vibaya. Sufuria ya mchuzi haifanyi hayo. Jeni za samaki unayemla huvunjwavunjwa tumboni na utumbo mwembamba, kama za maharagwe na matoke. Babu zetu walikula samaki maisha yao yote na hawakuota magamba.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Vituo vingine vya kutotolesha huwapa vifaranga wa tilapia chakula chenye homoni kwa wiki chache za mwanzo, ili wawe madume, kwa kuwa dume hukua haraka. Hiyo ni dawa kwenye chakula, na jeni za samaki hazibadilishwi. Una haki ya kumwuliza mfugaji vifaranga vyake vilitoka wapi, anawalisha nini, na maji ya bwawa ni safi kiasi gani. Hayo ndiyo maswali ya kumlinda mtoto. Ukiridhika na majibu, mpikie.