Gemu ya bure ndiyo ghali

Mzazi anayeingia duka la gemu Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huanza na bei ya mashine. Muuzaji naye ana jibu mdomoni, maana hapo ndipo penye ushindani: PlayStation 4 (PS4) iliyoko kwake na iliyoko duka la pili mara nyingi zote zimeshatumika Ulaya au Ghuba. Lakini kinachoumiza familia hakimo kwenye bei hiyo. Kinakuja baadaye, pale gemu zinapohitajika kununuliwa na kubadilishwa, na mtoto anapoanza kuomba pesa ili aendelee mbele.

Kwa nyumba ya kipato cha kawaida, gemu ya CD iliyokwisha tumika ndiyo nafuu kuliko zote, na ile ya bure kwenye simu ndiyo ya kuogopwa.

CD ni mali. Mtoto akiichoka inarudi dukani, unaongeza pesa kidogo unaondoka na nyingine, au unabadilishana na jirani bila kutoa hata shilingi. CD za PS4 hazifungwi na nchi. Iliyouzwa Ulaya inacheza kwenye mashine iliyotoka Marekani bila shida. Na zinazoporomoka bei haraka kuliko zote ni zile zinazopendwa zaidi, gemu za mpira. Kampuni ya EA hutoa toleo jipya karibu kila Septemba. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kubeba jina la shirikisho la soka, na tangu 2023 mfululizo huo unaitwa EA Sports FC. Toleo jipya likiingia, la mwaka uliopita halina tena mnunuzi mwenye haraka, ingawa kilichobadilika zaidi ni usajili wa wachezaji. Watoto wanaogombania pedi sebuleni hawaoni hasara yoyote wakicheza na vikosi vya msimu uliopita.

Gemu za Nintendo ni kinyume kabisa, bei haiporomoki. Mario Kart 8 Deluxe ilitoka 2017 kwa dola 60 Marekani, na miaka mingi baadaye bei yake rasmi ilikuwa ileile. Mashine ya Switch haili umeme mwingi na gemu zake zinawafaa wadogo kuliko za kampuni nyingine yoyote, lakini kwetu kadi zake za gemu ni chache na wa kubadilishana nao ni wa kutafuta. Mwenye ndugu ughaibuni wa kumletea anaweza kuifikiria.

Katika kuchagua gemu yenyewe, mimi huangalia kwanza ni watu wangapi wanaweza kucheza pamoja kwenye TV moja. Gemu nyingi za Lego zinachukua wawili, na mdogo akifa anarudi palepale bila kuharibu safari ya kaka yake. Rayman Legends na Overcooked zinachukua hadi wanne. Katika Overcooked wachezaji wanapika katika jiko moja, mmoja anakata nyanya, mwingine anaosha sahani, na wakianza kugombana sufuria inaungua. It Takes Two ya 2021 haichezeki na mtu mmoja, hivyo inamlazimisha mzazi kukaa chini na mwanawe mkubwa. Minecraft watoto wanaijenga upya kila siku, na ndiyo maana nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 300 duniani. Lakini uliza kama gemu inahitaji intaneti. Sehemu kubwa ya Gran Turismo 7 haifunguki bila mtandao hata ukiwa na CD mkononi, na kwa familia inayoishi kwa bando hilo ni deni la kila mwezi.

Sasa zile za bure. Gemu ya simu inayopakuliwa bila malipo hutengenezwa ili mtoto akwame mahali, kisha auziwe njia ya kutoka: almasi, sarafu, mavazi, maboksi ya kubahatisha. Hili limeshafika mbele ya wadhibiti. Mwaka 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wateja wa Marekani angalau dola milioni 32.5 kwa manunuzi yaliyofanywa na watoto bila idhini ya wazazi. Desemba 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520, ambapo milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliosukumwa kununua bila kukusudia na milioni 275 ni faini ya kuvunja sheria ya faragha ya watoto. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba maboksi ya kubahatisha yanayouzwa kwa pesa ni kamari. Wazazi wa Afrika Mashariki hawamo katika marejesho hayo, na ulinzi wa zamani wa kutokuwa na kadi ya benki unaondoka. Safaricom na Visa walizindua kadi ya mtandaoni ya M-Pesa mwaka 2022. Ni huduma nzuri kwa biashara, lakini ikishaunganishwa na simu anayochezea mtoto, namba ya siri ya manunuzi lazima iwekwe siku hiyohiyo.

Dukani, usikubali kuonyeshwa menyu tu. Mwambie kijana wa kaunta aweke CD na mcheze mechi nzima. Feni ikianza kuunguruma kabla ya mapumziko, mashine imejaa vumbi au imeshafunguliwa na kufungwa vibaya. Kisha weka pedi mezani bila kuigusa: mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka, na pedi ya pili ndiyo gharama ambayo familia nyingi huisahau.

Umeme nao uhesabiwe. PS4 Slim ikila karibu wati 100, saa mbili kwa siku ni kama uniti 6 za Luku kwa mwezi, bila TV. Kwa walio kwenye kundi la D1 nchini Tanzania, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, uniti 6 zinaweza kuivusha kaya kwenye bei ya juu.

PS2 zilizochipiwa, yaani zilizowekewa chipu ili zicheze CD za kunakili, bado zipo, na kwa bei hakuna kinachozishinda. Ila Sony iliacha kuzitengeneza 2013, lenzi zimechoka, na CD za kunakili hazina jalada lenye namba ya umri. Ndivyo GTA San Andreas, ambayo alama ya Ulaya ya PEGI inaiweka miaka 18, ilivyozoeleka kwa watoto wa shule ya msingi. Namba hiyo ya pembeni ya jalada, 3, 7, 12, 16 au 18, isomwe kabla ya kulipa.

Nafuu ya CD, hata hivyo, inabanwa. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 700 bila sehemu ya kuingizia CD, na baadhi ya kadi za Switch 2, mashine ya 2025, hazina gemu ndani bali ufunguo wa kuipakua. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni inabaki kwenye akaunti. Haiuziki wala haibadilishwi na jirani. Atakayepanda kwenda PS5 miaka ijayo atafute yenye sehemu ya CD, maana hiyo inacheza karibu CD zote za PS4 alizokwisha kusanya.