Laptopu ya mtumba na wiki yake ya kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuanza kuondoa mezani kompyuta ambazo haziwezi kupokea Windows 11, na mali inayotoka huko haitupwi baharini. Inapakiwa, inapita Dubai au inakuja moja kwa moja, kisha inapangwa kwenye vioo vya maduka ya Kariakoo na Posta, imefutwa vumbi na kubandikwa stika mpya.

Mwanafunzi anayeingia dukani na bumu lake mfukoni ataikuta mashine yenye ganda gumu, kibodi safi na bei ya kumfurahisha. "Bosi, hii mali ya ofisini, imetoka Uingereza, haijaguswa," ataambiwa, na mara nyingi muuzaji hasemi uongo. Asichokitaja ni umri.

Umri wa laptopu hausomwi kwenye stika, kwa kuwa stika hubandikwa na yeyote. Iwashe, ubofye alama ya Windows kwa kitufe cha kulia, ufungue ukurasa wa System. Hapo utakuta jina la chipu, tuseme Core i5-7300U au Core i5-8350U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, kile ambacho wauzaji hukiita "jenereshini". Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo. Kwa chipu za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane, tena mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Hizo mbili nilizotaja zinakaribiana majina, lakini ya kwanza ina viini viwili na ya pili ina vinne, na tofauti hiyo utaihisi siku utakapofungua kurasa kumi za intaneti huku unaandika ripoti.

Sisemi kwamba kizazi cha saba ni takataka. Windows 10 inaweza kusajiliwa ipate masasisho ya usalama ya mwaka mmoja wa ziada, hadi Oktoba 2026, na baada ya hapo mashine ikawekewa Linux, mfumo usiolipiwa ambao hauna makuu. Ila basi iuzwe kwa bei ya kizazi cha saba.

Kuna jambo jingine la kufanya ukiwa bado dukani, nalo wateja wengi huona aibu kuliomba: mashine ifutwe yote na ianzishwe upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Kompyuta za makampuni husajiliwa kwa mwajiri kupitia mtandao. Zipo zinazowaka vizuri dukani, lakini zikifutwa na kukutana na intaneti zinakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. MacBook nazo zina kufuli la aina hiyo, linalofungamana na akaunti ya mmiliki wa kwanza. Kufuli hilo fundi wa mtaani hana dawa yake ya kudumu, na akikuambia anayo, tegemea kurudi kwake tena na tena. Muuzaji mwaminifu atakupa kiti usubiri. Anayeanza kuudhika kwa ombi hilo amekujibu tayari.

Kuhusu betri, usiulize inakaa saa ngapi, kwa sababu jibu ni "nne" nchi nzima. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ripoti yenye mistari miwili ya kulinganisha: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo wake leo ikijaa. Ikiwa ilizaliwa na 48,000 na leo inaishia 20,000, unanunua mashine pamoja na gharama ya betri nyingine, na hapo ndipo pa kuanzia kuomba punguzo. Chukua risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya utambulisho ya mashine. Siku ikiibwa, maneno "laptopu nyeusi aina ya Dell" hayatawasaidia polisi kitu.

Sasa imefika nyumbani. Wengi huanza kwa kuipeleka kwa fundi "ikapigwe Windows" na kuwekewa programu za kazi, na hapa ndipo linapopandwa tatizo ambalo huota miezi baadaye. Windows 11 toleo la Home hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kuanzishwa. Fundi mwenye foleni ya wateja hana muda wa kukusubiri ukumbuke nywila ya barua pepe yako, kwa hiyo anaingiza ya kwake. Kazi imekwisha, umelipa, mmeagana kwa heri. Kumbe katika matoleo ya kuanzia mwaka 2024, kompyuta nyingi zinapoanzishwa upya huifunga kwa siri diski yote, ili mwizi asiweze kuichomoa na kuisoma. Ufunguo wa dharura wa diski hiyo, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika siku ile ya kwanza. Yaani kwa fundi.

Mambo huendelea vizuri mpaka siku moja kompyuta inapopokea sasisho la programu yake ya msingi, au inapobadilishwa ubao mkuu, na kukuamkia kwa skrini ya bluu inayodai zile tarakimu 48. Bila ufunguo, picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu vimo humo, vizima kabisa, na hakuna wa kuvitoa. Wahandisi waliobuni kinga hiyo walifanya kazi yao sawasawa. Kinga haiwezi kumtambua mwenye mali kama hakujisajili yeye mwenyewe. Basi kaa na fundi wakati wa kuanzisha. Tumia barua pepe yako mwenyewe. Ukishamaliza, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa BitLocker, ndilo jina la kinga hiyo ya diski, unakili kwa kalamu kwenye daftari linalobaki nyumbani. Ni mstari mmoja wa namba.

Na hizo programu anazoongeza fundi, ile Office "isiyodai kulipiwa" na kile kijiprogramu kinachoizubaisha Windows ijione imesajiliwa? Najua bei ya leseni halali, na najua mshahara wa mwalimu. Lakini vijiprogramu hivyo kwa kawaida hukutaka uzime kinga ya kompyuta kwanza, na mtu akikuomba umfungie mbwa kabla hajaingia uani, una haki ya kumtilia shaka. LibreOffice ni ya bure, halali, na huandika na kufungua mafaili ya Word. Kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, Defender, inamtosha mtu wa kawaida alimradi haijazimwa, wala hakuna haja ya kulipia antivairasi nyingine.

Marekebisho madogo ya siku hiyo hayamalizi nusu saa. Saa kwanza: mashine iliyotoka Marekani huja na majira ya huko, na kwenye orodha ya Windows hutaiona Dar es Salaam, chagua Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Ikiwa saa inajirudisha nyuma kila ukizima, kibetri kidogo cha duara kwenye ubao mkuu kimekwisha. Kinauzwa kwa bei ndogo, na kisipobadilishwa utashangaa kwa nini tovuti ya benki inakataa kufunguka: cheti cha usalama cha tovuti kinapimwa kwa tarehe, na kompyuta yako inadhani tupo miaka kumi iliyopita. Kisha bando. Laptopu mpya iliyounganishwa na simu itapakua masasisho ya gigabaiti kadhaa bila kukuuliza, na OneDrive itaanza kupandisha mafaili yako mawinguni. Katika mipangilio ya waifai, iambie Windows kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa, halafu uyaruhusu masasisho usiku wa bando la bei nafuu. Usiyazime moja kwa moja, maana yenyewe ndiyo sababu ya kukwepa kizazi cha saba. Na anayeandika Kiswahili aibadilishe lugha ya ukaguzi wa tahajia, au auzime, kabla ukurasa mzima haujachorwa mistari myekundu kana kwamba umesahihishwa na mwalimu mwenye hasira.

Ushauri wa "ichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha" upuuze. Ulifaa enzi za betri za nikeli. Betri ya lithiamu-ioni, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na ambayo imo karibu katika kila laptopu ya leo, inachoshwa na mambo mawili yakikutana: kujaa asilimia 100 muda wote na kukaa kwenye joto. Mashine nyingi za kazi zina mpangilio wa kuizuia chaji isivuke asilimia 80. Kama yako inashinda mezani ikiwa kwenye umeme, uwashe mpangilio huo. Ukiona sehemu ya kuchezeshea kidole imeinuka, au kifuniko hakikai sawa, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi.

Hilo joto lina uzito kwetu kuliko ilivyo kwa waandishi wa vitabu vya maelekezo. Apple huandika kwamba MacBook imekusudiwa kufanya kazi mahali penye nyuzijoto 10 hadi 35. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari, saa nane mchana mwezi Februari, kinavuka hapo kabla hata hujaiwasha. Ongeza godoro. Laptopu nyingi huvuta hewa kupitia tumboni, hivyo ikilazwa juu ya shuka inazibwa pua. Chipu hujipunguzia kasi ili isiungue, nawe unalalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Kitabu kigumu au sinia chini yake kinatosha. Vumbi nalo, kwa wa Dodoma na Shinyanga hasa, hujishona kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupoozea. Kila baada ya miezi michache izime, ipitishie brashi laini kwenye matundu, na ukipuliza hewa izuie feni isizunguke. Kwa Tanga, Zanzibar na Mombasa adui ni unyevu wenye chumvi, na mashine iliyofungiwa mwezi mzima kabatini huko huumia zaidi ya inayotumika kila siku.

Sisimizi sijawahi kuwaona wakitajwa katika kitabu chochote cha maelekezo. Makombo ya andazi chini ya vitufe yanawaita, na wakishapata joto la ndani huhamia na mayai yao.

Chai ya maziwa ni mbaya kuliko maji, sababu maji yakikauka hayaachi sukari. Ikimwagika, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, chomoa chaja, igeuze kibodi ikitazama chini ikiwa nusu wazi kama paa la nyumba, na usiiwashe "kuona kama bado nzima". Hapo ndipo nyingi hufia. Ipelekwe kwa fundi wa kuifungua na kuisafisha kwa spiriti, siku ile ile. Ule mchele tunaofukia simu upikwe tu. Hauvuti sukari wala maziwa, na unga wake unaingia kwenye matundu.

Umeme nao. Ukikatika, laptopu haijali, betri inaibeba. Hatari ni unaporudi, kwa mshtuko wa volti kupanda na kushuka. Chomoa chaja umeme ukikatika, subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke. Radi za masika zikianza, vivyo hivyo. Kifaa cha kinga, ndugu wa kile tulichozoea kukiweka kwenye friji na televisheni, kinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ubao mkuu. Chaja yenyewe husoma volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani haihitaji transfoma, inahitaji waya wenye plagi yetu ya pini tatu. Usimruhusu mtu akupe adapta ya pini mbili iliyolegea. Kama unahisi msisimko wa umeme kiganjani ukishika ganda la chuma wakati wa kuchaji, kosa huwa ni kukosekana kwa waya wa ethi, ama kwenye plagi au ndani ya nyumba nzima, na la pili ni la kumwita fundi umeme.

Njia ya kawaida ya uchafu kuingia ndani ya kompyuta ni stesheneri. Unapeleka flashi kuchapa kurasa tano, inarudi mafaili yote yamegeuka njia za mkato, na ukibofya moja tu umekaribisha kirusi nyumbani. Tuma kazi kama PDF kwa barua pepe ya stesheneri badala ya kubeba flashi. Ukilazimika kufungua barua pepe au WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, toka kabla ya kulipa. Mteja anayefuata hukuta mazungumzo ya wenzake wazi.

Inabaki nakala. Google hutoa gigabaiti 15 bure kwa kila akaunti, na diski ya nje inayofungiwa kabatini, mbali na begi la laptopu, inabeba mengine. Begi likinyakuliwa na mtu wa bodaboda, vilivyomo humo vyote vinaondoka pamoja, ikiwemo flashi uliyoiita nakala. Tasnifu ya kurasa 120 isiyo na picha nyingi kwa kawaida haifiki hata megabaiti 5. Inaingia kwenye barua pepe unayojitumia mwenyewe kila Ijumaa jioni, kwa bando lililobaki.